Fimbo Yenye Misumari Miwili

Trei ya sitini ilipoingia, gari lilikaa chini nyuma kama kuku anayeatamia. Taratibu alizunguka, akainama, akapitisha vidole kati ya tairi na bodi. Mwaka jana vilikuwa vinapita vitatu na nafasi inabaki. Leo kimoja kilipita kwa kusukumwa, kikatoka cheusi.

"Umeshalipapasa vya kutosha," mkewe alimwambia kutoka mlango wa banda, mikono imejaa pumba hadi viwikoni. "Halina homa hilo. Limechoka, basi. Hata mimi nimechoka, sijaona wa kunibadilishia springi."

"Wewe ukiwekewa springi nani atakushika?"

"Nenda zako huko. Na leo usirudi bila stika, baba. Usirudi na maneno."

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni tu. Mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa ajili ya mwendo wake. Mtu aliyebeba mayai elfu moja na mia nane hakimbii. Wenye miguu walimpita, wakampungia mkono, wengine wakamwuliza kama wamwachie salamu huko mbele. Naye aliwapungia. Mayai yenyewe hayakuwa yake peke yake. Wanawake kumi na wawili wa mtaa ule walifuga kuku nyuma ya nyumba zao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na gari. Kila alfajiri walimletea trei zao, zimeandikwa alama kwa makaa ili zisichanganyike, na gari hili dogo, lililong'olewa kiti cha nyuma, ndilo lililozipeleka kwenye shule ya bweni ng'ambo ya mji. Likisimama gari, kuku hawangeacha kutaga kwa kumhurumia mtu. Mayai yangeoza ndani ya siku za joto kama hizi, na shule ingetafuta mwingine.

Juu ya dashibodi palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameisoma hadi mikunjo ikaanza kuchanika: Gari limeshuka nyuma chini ya kipimo. Siku saba. Leo ndiyo ilikuwa ya saba. Geti la ukaguzi lilifungwa saa kumi jioni, na baada ya hapo gari lisilo na stika lilivuliwa namba zake.

Wiki iliyopita alifika kwenye yadi ya ukaguzi akiwa na mzigo mzima, kwa kuwa foleni ilianza alfajiri na hakuwa na pa kuushusha. Mkaguzi hakugusa breki, hakuwasha taa hata moja. Alichukua fimbo yake. Ilikuwa fimbo ya mbao, urefu wa kiuno, imepigiliwa misumari miwili, mmoja chini na mwingine juu yake kwa upana wa kiganja. Aliisimamisha kando ya tairi la nyuma. Ukingo wa bodi ulitakiwa uwe kati ya misumari ile. Kwa Taratibu ulikuwa chini ya msumari wa chini.

"Limeshuka. Andika," mkaguzi alisema bila kugeuka, na karani wake, kijibwana chembamba chenye miwani, akaandika kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni.

"Lina mzigo, mkubwa. Trei sitini."

"Hapa si sokoni. Nikikuona tena na mayai yako humu nitayapima mayai."

Foleni ilicheka, maana mwenye rungu akitania lazima ucheke. Taratibu alitoka getini, na hatua ishirini tu kutoka getini, mahali ambapo kila gari la mji ule lilipaswa kupita kwenda kuthibitisha uzima wake, palikuwa na shimo kubwa kama beseni la kufulia. Gurudumu la nyuma likaingia, springi zikagota mwisho, na trei mbili zikawa uji. Lilikuwa na umri wa miaka minne lile shimo. Kodi ya kuliziba imo ndani ya kila lita ya mafuta unayonunua; unailipa kabla hujawasha gari. Wakusanyaji hawajawahi kuchelewa hata siku moja. Wazibaji ndio hatujawahi kuwaona.

Asubuhi hii alifikisha mayai shuleni salama. Mtunza stoo alihesabu trei, kisha akamtazama kwa huruma, na huruma ya mtunza stoo ni kitu cha kuogopesha.

"Kesho kutwa mlinzi ataangalia stika getini, mzee. Si mimi, ni amri. Usipokuwa nayo kuna mtu mwenye lori ameshaleta barua."

"Nitakuwa nayo."

"Sawa. Mimi nimesema tu."

Saa nne alikuwa kwa Fundi Tisa.

Fundi Tisa alikuwa na vidole tisa. Cha kumi kilichukuliwa na springi ya mbele ya teksi moja, na tangu siku hiyo springi alizisalimia kabla ya kuzigusa. Karakana yake ilikuwa uwanja wenye mafuta, bati tatu na lundo la vyuma ambalo jirani waliliita takataka naye akaliita benki.

"Dukani umeuliza?" alimwuliza Taratibu.

"Nimeuliza jana. Leo nimepita tena, imepanda. Nikasema jana mlinitajia nyingine, akaniambia hiyo ilikuwa jana."

"Mpya hatuziwezi, basi. Lakini gari lako lina ndugu. Lile lenye mlango wa nyuma uliokatwa, la kubebea mizigo. Baba mmoja, mama mmoja. Springi zake zinaingia palepale bila kukata wala kuchomelea, ila waya wake mnene kidogo."

Alizama kwenye lundo, akaibuka na springi sita, akazipanga juu ya ubao zikiwa zimesimama kama wanafunzi. Alianza na mbili nene kuliko zote.

"Hizi zilibeba mitungi ya gesi. Zitabeba hata nyumba yako na mama watoto ndani. Ila mayai yatafika shuleni yameshakuwa kimanda."

"Weka pembeni."

Nne zilizobaki alizipiga moja moja kwa spana ndogo, sikio amelitega. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Rangi hakuitazama kabisa. "Springi nzima inaimba," alisema. "Iliyochoka inakohoa." Ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikatoa mlio mwembamba uliokwenda mbali kabla ya kufa. Ya tatu ikakohoa. Ya nne ikaimba, sauti ileile ya ya pili.

"Pacha hawa," Fundi Tisa akasema. "Hebu piga na wewe."

Taratibu akapiga. Ni kweli. Hata kama ungekuwa kipofu ungezichagua.

Walipandisha jeki, wakaweka magogo, wakafungua boliti za chini za shokapu. Ekseli ikashuka yenyewe na springi kuukuu zikatoka kwa mkono, bila hata kuvutwa, kama meno ya mzee. Moja ilikuwa imepasuka koili ya mwisho. Fundi Tisa akaipiga spana. Haikukohoa hata, ilitoa kishindo cha chuma cha kawaida, kama sufuria.

"Umekuwa unaendesha na maiti," alisema.

Springi zao mpya, ambazo hazikuwa mpya, zilikaa juu ya mipira yake vizuri. Gari liliposhushwa kwenye jeki lilibaki limebinua nyuma kidogo.

"Hiyo ni tupu," Fundi Tisa akasema. "Limezaliwa kubeba. Tulipime vipi?"

Hapo ndipo Taratibu alipokosea, na alikosea kwa sababu ya uaminifu wake. "Lipime na mzigo," alisema. "Ndivyo mkaguzi alivyolipima."

Basi wakapakia matofali hadi uzito wa trei sitini na mifuko miwili ya chakula cha kuku, ule mzigo wa kila siku. Fundi Tisa alikuwa na fimbo yake, amenakili misumari ya mkaguzi kwa chaki, kwa kuwa nusu ya wateja wake walitoka kwenye foleni ile. Ukingo wa bodi ukasimama katikati kabisa. Wakatoa matofali, wakaweka trei moja ya mayai bila kuifunga, wakaendesha juu ya mtaro wa karakana mara tatu. Halikupasuka hata moja. Taratibu aliyatazama yale mayai thelathini, akasema, "Mungu akubariki hivyo vidole tisa."

"Aniongeze na cha kumi, akipata nafasi."

Saa nane alikuwa kwenye foleni, gari tupu, limefagiliwa, halina hata ganda la yai. Alikuwa ameambiwa hapa si sokoni, na amri aliishika.

Mbele yake alikuwa Mama Mikate, mwanamke mpana anayesambaza mikate kwa gari dogo kama lake. Nyuma yake kijana wa kubeba maji. Jua lilipiga mabati. Ndani ya uzio kulikuwa na kivuli kimoja tu, na ndani ya kivuli kile lilisimama gari la ofisi, jeupe, dogo, aina ileile ya Taratibu, lina nembo mlangoni.

"Kipimo kimoja kwa magari yote," Mama Mikate alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika. "Kama kiatu kimoja kwa ukoo mzima. Wenye miguu midogo waburuze, wenye mikubwa wakatwe vidole."

"Mama, utatuponza."

"Tumeshapona lini?"

Yeye alipimwa, akaambiwa ameshuka. Andika. Siku saba. Alifunga mlango wake kwa nguvu lakini hakuondoka. Alisimama pale, mikono kiunoni, amtazame jirani yake.

Mkaguzi alifika kwa Taratibu. Akasimamisha fimbo. Akachuchumaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu yeyote tangu asubuhi.

"Limepanda," akasema. "Liko juu ya msumari wa juu. Andika."

Taratibu alidhani hakusikia vizuri. "Samahani, mkubwa?"

"Juu. Umeliinua. Gari lililoinuliwa ni hatari."

"Wiki iliyopita ulisema limeshuka."

"Na leo limepanda. Kwani mimi ndiye niliyelipandisha?"

"Hili ni la mizigo, mkubwa. Likiwa na mzigo linakaa katikati. Tumelipima."

"Mmelipima kina nani? Gari linakaguliwa tupu."

"Wiki iliyopita ulilipima na trei sitini ndani!"

"Wiki iliyopita ni wiki iliyopita."

Mama Mikate hakungoja kualikwa. Alifungua mlango wa nyuma, akainama, akajikunja mle mahali pa trei, akamwita kijana wa maji, kijana akaingia, na mzee mmoja wa foleni aliyekuwa hata hajui kisa akaingia pia, amekumbatia magoti. "Haya, sisi ni mayai," Mama Mikate akasema kutoka ndani. "Tupime."

Foleni ilicheka, na safari hii haikuchekea mwenye rungu. Bodi ilishuka ikatulia. Kila aliyekuwa karibu aliona: kati ya misumari, katikati, palepale.

Mkaguzi hakutazama fimbo. Aliwatazama wao. "Shukeni kwenye gari la watu kabla sijaandika kubeba abiria bila kibali."

Wakashuka. Karani alimsogelea Taratibu kwa sauti ya chini, ya mtu anayekusaidia. "Mzee, vuka barabara hapo. Duka la springi zilizoidhinishwa. Ukija na risiti yao huwa hatupimi tena. Bado una saa nzima."

Duka lile lilijulikana. Mwenyewe alikuwa shemeji yake mkaguzi, na hakuna aliyelisema kwa sauti, kama vile watu wasivyotaja ugonjwa wa mtu mezani. Taratibu alivuka. Si kwamba alitaka kununua. Alitaka kuona kinachoweza kumwokoa kilivyo. Kaunta ilikuwa imejaa springi zilizopakwa rangi ya buluu, zinang'aa, kila moja na kikaratasi cha bei. Bei ya jozi moja ilikuwa mayai ya miezi miwili.

Alitoa mfukoni spana ya gari lake. Aligonga moja.

Ilikohoa.

Akagonga ya pili, ya tatu. Zilikohoa zote, jozi kwa jozi, wazee waliopakwa wanja. Kwenye mmoja wa hao wazee, chini ya buluu, ukucha wake ulikuta kutu, na chini ya kutu, ufa.

"Baba, hapa hatugongi bidhaa," muuzaji alisema.

"Naona," akasema Taratibu. "Zitaamka."

Alirudi kuvuka barabara. Watu waliokuwa pale baadaye walisema kwamba alitembea kwa mwendo wake uleule, hakuharakisha, na ndiyo sababu hakuna aliyemzuia. Ndani alikuwa anachemka. Alifikiria trei zenye alama za makaa, duara la mama huyu na msalaba wa yule. Alifikiria mkewe aliyewahi kumwambia kwamba mwizi wa usiku Mungu anamchukia, lakini mwenye kipimo cha uongo anamchukia zaidi, kwa sababu huyo anaiba mchana na kukutoza ada ya kuibiwa. Miaka yote amekwenda polepole. Polepole kwenye mashimo yao, polepole kwenye foleni zao, na salamu juu. Akafikishwa wapi?

Fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye meza ya karani. Aliichukua.

"Wewe! Rudisha hiyo!" mkaguzi akasema.

Taratibu alikwenda nayo hadi kivulini, kwenye gari jeupe la ofisi. Lilikuwa tupu, hata kikapu hakikuwamo. Alipiga magoti kando ya tairi la nyuma, akaisimamisha fimbo wima, taratibu, akafuta vumbi kwenye ukingo wa bodi kwa kidole ili kila mtu aone. Foleni ilikuwa imemfuata bila kuambiwa.

"Tupu," alisema. "Chini ya msumari wa chini, vidole viwili." Akageuza uso kwa karani. "Andika."

Na karani, aliyelisikia neno lile mara mia kwa siku kwa miaka kumi na moja, akainamisha miwani yake na kuandika.

Karani mwenyewe aliishia katikati ya sentensi, akatazama alichokifanya mkono wake. Kisha Mama Mikate akaanza kucheka, kicheko kinene kilichotoka tumboni, na kikawapata wengine hadi mlinzi wa geti akageukia ukuta.

Mkaguzi alikinyakua kitabu. Alichana ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni, kitabu akakitupa mezani. Hakukumbuka kaboni. Nakala ya chini ilibaki kitabuni, ya buluu, ina tarehe, na karani aliyeiona alikifunga kitabu kile polepole, akakiweka kifuani.

"Namba," mkaguzi alisema. "Vua namba za huyu. Sasa hivi. Hakuna kungoja saa kumi."

"Nitazivua mwenyewe," Taratibu akasema. "Ninyi mtaniharibia boliti."

Alizivua kwa spana ileile, ya mbele na ya nyuma, akazifuta kwa shati, akaziweka juu ya meza zikiwa zimelingana. Alipewa karatasi nyingine. Gari lisiendeshwe barabarani mpaka amri nyingine. Aliisoma yote, akaikunja mara nne.

Alipowaza kuhusu kesho kutwa na yule mtu wa lori, alishika mlango wa gari. Mkewe alikuwa amesema asirudi na maneno. Hakuwa na kingine cha kurudi nacho.

"Limeandikwaje?" Mama Mikate aliuliza.

"Lisiendeshwe."

"Kusukuma nako ni kuendesha?"

Taratibu alimtazama. Aliisoma karatasi tena. "Hapana," akasema. "Kusukuma hawakuandika."

Akaingia, akashika usukani, injini imezimwa. Mama Mikate aliweka mabega nyuma, kijana wa maji akaweka yake, mzee wa magoti naye, kisha watu wengine wawili watatu wakatoka kwenye foleni waliyoilinda tangu alfajiri, wakiacha magari yao yamesimama chini ya jua na geti likiwa limebakiza nusu saa. Mkaguzi alipiga kelele kwamba atakayetoka kwenye foleni ataanza upya. Wao walikuwa wanahema, wakisukuma.

"Shimo!" kijana wa maji alipaza sauti. "Taratibu, baba!"

"Msipunguze," akasema Taratibu. "Sukumeni."

Gurudumu la nyuma likazama kwenye beseni lile la miaka minne. Gari lilishuka, likapanda, likatulia. Springi hazikugota. Kwenye kioo aliyaona macho ya Mama Mikate, na nyuma yake mkaguzi amesimama getini na fimbo yake, anakuwa mdogo.

Mtaa wake ulikuwa mbali, na sehemu kubwa ya njia ni mlima.